Mtu hapaswi kuonyesha risiti ya ukombozi ndipo aachwe hai: tuuzungumze ukarimu wetu Nyanda za Juu Kusini

Mwana wa Uporoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kila Afrika Kusini wanapoanza kuwapiga na kuwafukuza wageni, huku kwetu hurudi sentensi moja: "Tuliwakomboa sisi, leo wanatuchoma." Inasemwa kwenye daladala za Uyole, inasemwa sokoni Mwanjelwa, inasemwa nje ya kanisa watu wakisubiri ibada ya pili. Nataka tuijadili kwa kituo, maana ina ukweli mkubwa ndani yake na bado inatupeleka pabaya.

Ukweli wake haupingiki. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1994. ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walipewa ardhi Mazimbu pale Morogoro wakajenga shule. Na huku kwetu, Mgagao ya Kilolo, walifanya mazoezi wapiganaji wa ZANU waliokuwa wakiigombea Zimbabwe, na baadaye kambi ikawa ya PAC, chama kingine cha ukombozi cha Afrika Kusini. Kisha kuna reli. Rhodesia ya Ian Smith, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu ilibaki na shaba yake bila njia salama ya kuifikisha baharini. Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa 1968. Ujenzi wa TAZARA ukaanza 1970 na reli ikakamilika 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba, ikipita Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma. Nchi iliyoyakubali hayo ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo.

Sasa tazama kinachotokea tunapoigeuza historia hiyo kuwa ankara. Tunasema Mtanzania asiguswe Johannesburg kwa sababu nchi yake ilitoa. Haya, na Mbangladeshi mwenye duka Soweto? Nchi yake haikuwa na kambi ya wapiganaji. Na Mmalawi aliyekwenda kutunza bustani ya mtu, ambaye rais wake wa kwanza, Kamuzu Banda, alifungua uhusiano wa kibalozi na makaburu mwaka 1967 wakati wenzake wanapigana nao? Kwa hoja yetu ya "tuliwakomboa", Mmalawi huyo hana cha kujitetea. Mimi nasema anacho chote anachohitaji, kwa sababu ni mtu.

Mei 2008, vurugu zilizoanzia Alexandra, Johannesburg, ziliua watu 62. Kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Rudia kusoma hapo, raia. Washambuliaji walikuwa wakimsimamisha mtu na kumuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Akikosa, au akitamka kwa lafudhi ya mikoa mingine, yamemkuta. Mwaka 2022, Diepsloot, huko huko Johannesburg, kundi lilipita nyumba kwa nyumba likidai pasipoti, na Mzimbabwe mmoja mwenye watoto akapigwa na kuchomwa moto. Anayekudai kitu kwanza ndipo akuache hai hatosheki na unachoonyesha. Ukimpa pasipoti atataka lugha, ukimjibu kwa lugha atataka lafudhi, na ukiwa navyo vyote atakuuliza ulipata wapi mtaji wa duka. Sisi tunapojibu "lakini tulitoa" tunakuwa tumeshaikubali kanuni yake. Tunabishana naye tu kuhusu kitambulisho gani kikubaliwe.

Ndiyo maana nimeileta mada hii Mbeya na sikuiacha Johannesburg. Sisi ni watu wa mpakani. Mtu wa Kyela na mtu wa Karonga wanaelewana bila mkalimani, Mnyakyusa na Mngonde ni ndugu, na mto Songwe ulifanywa mpaka na Wajerumani na Waingereza kabla babu zetu hawajaulizwa lolote. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde. Pamoja na hayo, Machi 2025 Malawi ilipozuia mchele, ndizi, tangawizi na mahindi kutoka nje, na Aprili Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, nilisoma kwenye makundi ya simu maneno kuhusu Wamalawi ambayo sitayarudia hapa. Serikali zikakaa mezani. Maneno yale yamebaki vichwani mwa watoto waliokuwa wakitusikiliza.

Kuna hawa pia wanaopita. Vijana wa Ethiopia wanashuka kwa barabara yetu kuelekea kusini, kwa siri, wakiwa wameuza kila kitu nyumbani kwao. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa Dodoma, walikosa hewa ndani ya lori kisha wakatupwa porini. Machi 2020 miili 64 ilikutwa ndani ya kontena Tete, Msumbiji, kwenye lori lililoingia kutoka Malawi. Njia ya kwenda huko inapita kwetu, Mbozi, Tunduma, Kyela. Wanaowasafirisha huwahesabu kama mzigo. Sisi tunaowakuta kwenye mahindi huwaita haramu kabla ya kuwauliza kama wamekula.

Ukarimu ninaoutetea si ile sifa ya "Watanzania ni wakarimu" inayosomwa kwenye vipeperushi vya watalii. Kumkaribisha mzungu mwenye dola hakuhitaji maadili yoyote. Nazungumzia kumpa mtu ambaye hukumchagua, hana cha kukulipa, na pengine hutamwona tena. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilisema "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja." Angalieni mpangilio wake. Ilianza na binadamu wote, ndipo ikaitaja Afrika. Na haikuweka sharti kwamba ni ndugu zangu wakinilipa fadhila.

Uraia wa dunia, ninavyouelewa mimi, haumnyang'anyi mtu uraia wake. Nitapiga kura Tanzania, nitalipa kodi Tanzania, na Taifa Stars ikifungwa nitaumia. Unaniongezea wajibu mmoja tu: yapo mambo ambayo mtu yeyote hapaswi kufanyiwa mahali popote, na yakifanyika mbele yangu ni kazi yangu kuyazuia, awe na karatasi au asiwe nazo.

Karibuni tujadili. Matusi hapana.

---

Bonde Letu

Mwanangu, umeandika kwa moyo. Ila mimi nina vijana wawili nyumbani, wana vyeti na wanauza laini za simu. Ukiniambia nimfikirie Mwethiopia nitakuuliza nani ananifikiria mimi. Ukarimu ni wa aliyeshiba. Na Serikali yenyewe Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara ndogo 15, ikiwemo saluni, ufundi simu na uwakala wa fedha. Hiyo nayo ni chuki? Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili.

---

Mwana wa Uporoto

Shikamoo mzee. Kupanga nani afanye biashara gani ni kazi ya serikali, na mtu anaweza kuiunga mkono amri ile au kuipinga bila kumchukia yeyote. Mimi nina wasiwasi na kipengele kimoja, kile cha kununua mazao shambani, kwa sababu mkulima wa Ileje au Mbozi akipungukiwa na wanunuzi anayeumia ni yeye. Lakini hilo ni suala la bei, watu wa kilimo watalisema vizuri kuliko mimi.

Mpaka wangu uko hapa: amri ya serikali inatekelezwa na ofisa, kwa barua, na aliyeguswa ana mahali pa kulalamika. Kijana wa mtaani anayeingia dukani kwa mtu na kumuuliza "kwenu wapi?" hatekelezi amri ya mtu yeyote. Diepsloot walianza kwa maswali hayo hayo, mlango kwa mlango.

Kuhusu kushiba, mzee, hapo sikubali hata kidogo. Mwaka 1970 tulikuwa tumeshiba? Msibani hapa kwetu nani hufika kwanza na kikapu cha unga, tajiri wa mtaa? Na vijana wako, naomba useme nao kwa uchungu wote ulionao: ajira zao hazijachukuliwa na mtu anayepita shambani usiku bila viatu. Akifukuzwa yeye, kesho bado watauza laini. Tofauti itakuwa kwamba wale waliopaswa kukujibu kuhusu ajira wamepumzika, kwa sababu hasira yako imeshapata mtu mwingine.

---

Dereva wa Masafa

Wakuu niseme kidogo, nimeegesha hapa Tunduma, foleni haisogei.

Naendesha Dar kwenda Lubumbashi. Zamani nilikuwa nashuka hadi Durban. Wakati ule wa madereva wageni kuchomewa magari kule, niliacha gari kituo cha mafuta nikakimbia kwa miguu mimi na utingo wangu. Aliyetuingiza ndani ni mama wa Kizulu, mtu mzima, nyumba yake chumba na sebule. Hakutuuliza Tanzania ilifanya nini mwaka gani. Hata Tanzania sidhani kama alijua iko upande upi. Alisema tuingie, akafunga mlango, akaketi yeye kwenye kiti karibu na mlango mpaka kulipokucha. Majirani zake wangejua, wangemchomea na yeye.

Kwa hiyo mtu akisema "Wasauzi ndivyo walivyo" mimi huwa namkatalia hapo hapo. Nilitoka hai kwa sababu ya Msauzi. Na hoja ya mwanzisha uzi naiona sana kwa mama yule, hakuwa analipa deni. Alikuwa anafanya kinachotakiwa.

---

Mama wa Ifunda

Kamwene.

Nimeona mnataja Mgagao, naongeza ya kwetu. Hapa Ifunda kuna makaburi ya Wapolandi. Kidugala, Njombe, yako mengine. Watoto wengi siku hizi hawajui. Ni watu waliotolewa makwao mashariki ya Poland na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wengi wakafa kwa baridi na njaa. Waliobaki walitoka mwaka 1942 kupitia Uajemi, na hawakuwa na pa kurudi kwa sababu nchi yao ilikuwa imeshikwa. Maelfu wakaletwa Afrika Mashariki, wengi wao wanawake na watoto. Tanganyika iliwapokea Tengeru, Kondoa, Morogoro, Ifunda na Kidugala.

Nawakumbusha kwa sababu nasikia vijana wakisema ukimbizi ni tabia ya watu fulani, kwamba kuna mataifa yaliyozoea vurugu. Wakati ule aliyekuwa hana pa kwenda alikuwa mtu wa Ulaya, na mahali palipopatikana pa kulaza mwanawe ni Uheheni.

---

Mwana wa Uporoto

Asante sana mama. Naomba niongeze tahadhari kwa wanaotaka kuichukua habari hii kama sifa yetu. Wenyeji wa Ifunda hawakuulizwa, uamuzi ulikuwa wa Waingereza, na Mwafrika kwenye ardhi yake alikuwa na haki chache kuliko mkimbizi mzungu aliyeshushwa jana. Siwezi kuuita ukarimu wetu. Kinachonigusa ni kile ulichokisema mwishoni, kwamba zamu ya kukosa pa kulala huzunguka. Hakuna taifa lililosamehewa.

---

Kijana wa Vwawa

Wahenga walishamaliza mjadala huu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunawakaribisha, lakini ukarimu una mwisho. Wakikaa sana wanajisahau.

---

Mwana wa Uporoto

Mkuu wa Vwawa, methali hiyo nimeisikia ikitumika kumwonyesha mgeni mlango, na huwa nashangaa. Mgeni unayemfukuza unampa jembe la nini? Anayepewa jembe anabaki. Anapelekwa shambani na wenyeji, anakula alicholima, anaacha kuwa mzigo wa mtu.

Na nchi hii ilishawahi kufanya hivyo kwa vitendo. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu kule Tabora, na Katumba na Mishamo ambazo siku hizi ziko Katavi, jirani zetu kabisa. Hawakuzungushiwa uzio na kusubiri mahindi ya msaada. Walipewa ardhi. Miaka kumi na kitu baadaye walikuwa wanajilisha wenyewe, wanauza tumbaku na mahindi, wanalipa kodi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akapewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa namna nchi ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo na watoto wao wakapewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Ni nchi chache sana duniani zimefanya jambo la ukubwa huo kwa mkupuo mmoja, na sisi tunalizungumza mara chache kuliko tunavyoizungumza reli.

Kisha tukabadilika. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kwa nguvu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikamfungia mkimbizi kambini, kutoka hadi kibali. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na kule Kagera wapo waliofukuzwa baada ya kuishi miongo na kuoa na kuolewa. Najua hofu iliyokuwepo, vita vya majirani vilikuwa vinavuka mipaka kweli, bunduki zilikuwa zinavuka kweli. Lakini tazama mlolongo: kwanza tunamnyima mtu jembe kwa sheria, halafu tunamlaumu kwamba anakula tu. Hapo methali imepinduliwa kichwa chini.

---

Mwalimu Mstaafu Tukuyu

Ndaga fijo, mwanangu. Uzi mzuri.

Naongeza jambo ambalo kizazi chenu mmelisahau. Wanyakyusa tulikuwa wageni wa watu muda mrefu sana. Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, waliandikisha vijana wa Rungwe kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, hadi Serikali ya uhuru ilipokomesha uandikishaji ule. Wengine walikwenda kwenye machimbo ya shaba ya Zambia, wakazaa huko, wakazikwa huko. Wabena na Wakinga walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga. Na dhahabu ya Lupa, Chunya, ilipovuma miaka ya 1930, wachimbaji walikuja kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Malawi na Zambia za leo), na wajukuu wao leo wanaitwa watu wa Chunya, hakuna anayeuliza.

La pili ni la kitabuni, mtanivumilia. Immanuel Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni anapofika ardhi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Sababu aliyoitoa ni nyepesi hata mwanafunzi wa darasa la saba ataishika: dunia ni mviringo, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, mwishowe lazima wakutane na wavumiliane. Alisema hiyo ni haki, siyo hisani. Lakini alimpa mgeni haki ya kutembelea tu, ya kukaa hakumpa, na akasema unaweza kumkatalia iwapo kumkatalia huko hakutamwangamiza. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwethiopia anayerudishwa kwa gari na chakula hajaangamizwa. Anayefungiwa ndani ya kontena, au anayepigwa na sungusungu akidhaniwa mwizi, huyo ni habari nyingine. Na Kant huyo huyo aliwakemea Wazungu wenzake kwamba kutembelea kwao nchi za mbali kulikuwa kuziteka. Sisi tuliotawaliwa na Wajerumani tunajua alichokuwa anasema.

---

Mwana wa Uporoto

Mwalimu, shikamoo, nimekusoma mara mbili. Hapo kwenye haki na hisani ndipo ninapokwama nikifikiri. Haki inaniambia nisimdhuru. Ukarimu unaanza haki inapoishia: maji, mahali pa kujikinga baridi ya Uporoto usiku wa Julai, mtu wa kumtafsiria, jirani wa kusema "huyu namfahamu" watu wanapoanza kukusanyika. Sheria haiwezi kumlazimisha mtu kufanya hayo. Ndiyo maana tunahitaji kuyafundisha nyumbani, maana hakuna ofisi itakayoyafundisha.

---

Mkulima wa Igurusi

Mnazungumzia wageni wa nje, na mimi naomba msivuke Mbarali. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na ng'ombe wao, wengi wakaelekezwa Lindi. Sababu ilikuwa maji, Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka na bwawa la Mtera linautegemea. Sibishani na sababu. Hata wakulima wa mpunga tunayavuta maji yale yale kwa mifereji yetu. Lakini nilisikia watu wakishangilia wenye ng'ombe wanapoondoka, na maneno waliyotumia kwa Msukuma, raia mwenzao mwenye kadi ya kupigia kura kama wao, ni maneno yale yale mnayosema ya Johannesburg. "Warudi kwao." Kwao ni wapi ndani ya Tanzania?

Chuki ya mgeni haisomi pasipoti. Ikimaliza wa nje inageukia wa mkoa mwingine, kisha wa kijiji cha pili. Hapa Mbeya mjini si tunawasikia wanaowasema Wakinga kwa sababu tu wana maduka?

---

Simba wa Kimondo

Mnaremba sana. Wahamiaji wanaleta ujambazi na magonjwa. Mpaka ufungwe, basi.

---

Nesi wa Mpakani

Ndugu Simba, nafanya kazi upande huu wa mpaka na nakujibu kwa heshima. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja wenye bendera mbili. Mtu analala kule, ananunua huku, mtoto anakunywa maji ya bomba la kule na chai ya huku. Kipindupindu hakigongi muhuri. Mgonjwa wa Nakonde akiogopa kuja kwetu kwa sababu atatukanwa au ataitiwa Uhamiaji, atabaki nyumbani akihara, na wiki inayofuata utakuwa nao wagonjwa kumi, wengine wa kwako. Mgonjwa anayejitokeza mapema ndiye salama yetu sote. Wale wa Afrika Kusini waliosimama milangoni mwa zahanati mwaka 2025 kuwazuia wageni wasitibiwe, mimi kama muuguzi niliumia. Unamzuia mama mjamzito mlangoni, halafu?

---

Mwana wa Uporoto

Dada Nesi, umesema kweli tupu, na bado naomba tusiisimamishe nyumba yote juu ya nguzo hiyo. Tukisema tumtibu mgeni kwa sababu asipotibiwa atatuambukiza, siku atakapokuja mwenye mguu uliovunjika, usioambukiza, tutamwambia nini? Mguu wake unauma vile vile.

Ndugu Simba, ujambazi una sheria na una polisi. Jambazi akamatwe kwa aliloiba, awe wa Vwawa au wa Lusaka. Kule Lusaka, Aprili 2016, uvumi wa mauaji ya kishirikina uliwageukia Wanyarwanda, maduka yakavunjwa, na watu wawili wakachomwa moto hadi kufa. Wote wawili walikuwa Wazambia. Kundi likishawaka halina muda wa kuchunguza, na hilo likitokea Nakonde au Tunduma hakuna atakayekuomba kitambulisho ukiwa unakimbia.

---

Bonde Letu

Nimesoma yote. Suala la ajira sijaridhika, na kwenye amri ya biashara sijabadilika. Lakini hili la kijana wa mtaani kuingia dukani kwa mtu na kumuuliza kwao wapi, hapo nakubali, sitaki kuliona mtaani kwangu. Mwenyekiti wa mtaa wetu ameitisha mkutano Jumamosi kuhusu ulinzi shirikishi. Nitalisema.

---

Mwana wa Uporoto

Asante mzee wangu. Lisemwe hasa kuhusu sungusungu: akikamatwa mtu asiyejua Kiswahili, hapigwi, anaketishwa chini, anapewa maji, anaitwa mtendaji. Likiandikwa kwenye muhtasari wa mkutano ni bora zaidi, maana usiku wa tukio hakuna mtu atakayekumbuka hotuba.

---

Dereva wa Masafa

Swali la kweli, wakuu, msinijibu kwa siasa. Ukipita milima ya Igawilo au kule Mbozi saa nane usiku, wanatokea watu sita barabarani wanapunga mkono, midomo imekauka. Nikiwapakia ni jela, gari linataifishwa, na tajiri ananifukuza. Nikiwapita, wanaweza kufa. Nifanye nini?

---

Mwana wa Uporoto

Kaka, usiwapakie. Sheria inaadhibu kusafirisha na kuficha, na wanaoshikwa kwanza ni madereva, wenye biashara yenyewe hawapandi lori. Lakini kutowapakia na kuwapita ni mambo mawili tofauti. Ukiona pa salama simama kwenye mwanga, ikiwezekana kijijini au kwenye mizani, si porini. Teremsha dumu la maji. Piga simu polisi, na mpigie mtu mwingine wa pili unayemfahamu, mwenyekiti wa kitongoji, padri, mchungaji, shehe, yeyote anayeheshimika pale, afike kabla au pamoja na polisi. Watu wakikutwa na shahidi mwenye jina huwa hawapigwi. Sema wazi kwenye simu kwamba kuna wagonjwa, ili gari la wagonjwa litajwe mapema. Ukiwa unatazama lori la mwenzako na unasikia watu wanagonga kutoka ndani, hapo usisubiri kitu, lizuie lisiondoke, lifunguliwe. Dodoma na Tete walikufa kwa kukosa hewa.

Dada Nesi, nisaidie upande wa afya, nisimdanganye mwenzetu.

---

Nesi wa Mpakani

Kaka Dereva, uwe na pakiti chache za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwenye gari, hazina gharama kubwa. Aliyetoka ndani ya kontena mtoe penye hewa, mlegezee nguo, mlaze ubavu kama hajitambui, na asiyejitambua usimpe kitu chochote mdomoni. Anayejitambua mpe maji kidogo kidogo, vijiko au mafunda madogo, asinywe dumu zima kwa pupa maana atatapika. Kama hawajala siku nyingi usiwape ugali wa kushiba hapo hapo, hata wakikuomba kwa machozi. Wape uji mwepesi kidogo, wapumzike, wapewe tena. Anayechanganyikiwa, anayehema haraka au asiyekojoa tangu jana, huyo aende hospitali kwanza kabla ya kwenda kituo cha polisi, na umwambie ofisa hivyo kwa sauti watu wakisikia.